Boti imepinduka Ziwa Tanganyika: jinsi ya kuongoza uokoaji kutoka ufukweni

Mwongozo huu ni wa watu watakaofika ufukweni kabla ya wengine: mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), askari wa zamu, muuguzi wa zahanati. Ni wa afisa wa Zimamoto pia, atakayefika baadaye akute kazi imeshaanza bila yeye. Mfano tunaoufuata ni wa boti ya abiria iliyotoka Kibirizi, mwalo wa Kigoma mjini, kuelekea vijiji vya kaskazini, ikapinduka ikiwa na watu arobaini na kitu. Upande huo ziwa ndiyo barabara. Gari la wagonjwa halifiki ulipo, na boti ya uokoaji kutoka mjini inategemea upepo, mafuta na kama nahodha wake amepatikana. Watakaookoa wengi ni wavuvi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43, mitumbwi ya wavuvi ndiyo iliyofika mwanzo.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazo kamati za maafa kwenye ngazi za serikali hadi chini kabisa. Kamati ni jambo jema, lakini kamati haiokoi mtu majini. Kinachofuata ni kazi ya ufukweni.

Taarifa ya kwanza

Anayepiga simu ataje mahali kwanza. Simu ikikatika katikati, wa upande wa pili awe ameshajua aelekee wapi. Baada ya mahali afuatishe aina ya chombo, idadi ya watu na nani aliyeitaja, hatari zilizopo (mawimbi, mafuta yaliyomwagika, giza), walioko kazini tayari, na kinachotakiwa.

"Jirani na Gombe" si mahali, kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Gombe ina ufukwe mrefu. Taja mwalo au mto ulio karibu, makadirio ya umbali kutoka nchi kavu, na upepo unatoka wapi. Simu ya kupangusa inasoma majira ya mahali (namba za GPS) hata ikiwa haina bando. Zisome namba hizo na uzitume kwa SMS ya kawaida. SMS hupenya mahali ambapo sauti inakatikakatika, na WhatsApp inabaki na saa yake ya kuzunguka tu.

Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ukiwa karibu na mpaka, Kagunga kwa mfano, simu inaweza kushika mnara wa nchi jirani, na namba fupi isikufikishe unakotaka. Kwa hiyo ukutani kwenye ofisi ya BMU ziandikwe kwa rangi namba kamili za polisi wa wilaya, Zimamoto Kigoma, mganga mfawidhi wa zahanati na mapokezi ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Zihakikiwe kila baada ya miezi mitatu kwa kuzipiga. Maofisa huhamishwa, na namba ya aliyehamia Songea haitasaidia mtu.

Kiongozi wa tukio

Kiongozi wa tukio ni mmoja. Mwenye dhamana wa kwanza kufika ndiye anayeanza, hata kama cheo chake ni kidogo. Anatamka mbele ya watu kwamba yeye anaongoza kuanzia saa fulani, anavaa riflekta (hata ya kuazima kwa bodaboda), na anamteua mtu mmoja wa kuandika. Kila jambo linaandikwa na saa yake.

Kosa linalowakuta viongozi wengi wenye moyo ni kupanda boti. Akishaingia majini, ufukweni hakuna anayejua nani ametumwa wapi, na boti tatu zitatafuta sehemu ileile huku nyingine ikiachwa. Kiongozi abaki nchi kavu, penye kuona ziwa na penye mtandao.

Mtu mmoja asimamie watu watano hivi. Akiwa na watatu ni sawa, saba ndiyo mwisho. Boti zikifika nane, zigawe makundi mawili, kila kundi na mkuu wake, na kiongozi azungumze na hao wawili tu. Kanuni hii imetoka kwenye mfumo wa kuongoza matukio ya dharura uliotengenezwa baada ya mioto mikubwa ya misitu ya California mwaka 1970. Idara nyingi zilikusanyika pale zikiwa na redio zisizosikizana, maneno yasiyofanana na wakubwa wengi kupita kiasi. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mwalo siku ya ajali anaijua hali hiyo.

Afisa mwenye ujuzi zaidi akifika, uongozi haumhamii kwa yeye kushuka tu kwenye boti. Wakutane uso kwa uso, dakika tano, na anayekabidhi ataje mambo matano: kilichotokea, hesabu ya watu hadi sasa, nani yuko wapi, kipi kimeombwa na kipi kimefika, na hatari iliyobaki. Kisha itangazwe redioni: "Vituo vyote, kuanzia saa nane na dakika ishirini kiongozi wa tukio ni Zimamoto." Aliyekabidhi asiende nyumbani. Anayajua maji ya pale na watu wa pale, kwa hiyo abaki kama msaidizi.

Idara zikiwa nyingi, viongozi wake wakae meza moja na wakubaliane malengo ya saa nne zijazo: Polisi wana upelelezi na utambuzi wa maiti, Zimamoto wana uokoaji, TASAC (shirika la serikali la uwakala wa meli) wana usalama wa vyombo, hospitali ina majeruhi. Kila mmoja anabaki na mamlaka yake ya kisheria. Lakini amri kwa boti inatoka kwa mtu mmoja, mkuu wa operesheni, waliyemchagua wao hapo mezani.

Halafu msafara wa Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa unawasili. Hapa ndipo mambo huharibika kwa nia njema. Kila mtu anamgeukia, naye anamwambia nahodha aende kushoto wakati mkuu wa operesheni ameshamwelekeza kulia. Kazi yake kama mwenyekiti wa kamati ya maafa ni kubwa, ila ni nyingine: kupata mafuta, fedha na askari wa ziada, kuwasiliana na Kituo cha Operesheni na Mawasiliano ya Dharura cha Ofisi ya Waziri Mkuu, na kuzungumza na majirani, kwani upepo unaweza kusukuma watu kuelekea maji ya Burundi au ya Kongo. Balozi ndogo za nchi zote mbili zipo Kigoma mjini; mlango huo unafunguliwa na mkoa, haufunguliwi na nahodha. Kwa hiyo andaa meza ya kamati mapema, kando na meza ya operesheni, na mteue mtu wa kuipelekea taarifa kila nusu saa. Neno la heshima la kutumia ni kama hili: "Mheshimiwa, boti sita ziko majini na zinasikiliza meza ile. Tunaomba maelekezo yako yapitie kwangu, manahodha wasikie sauti moja."

Gawanya ufukwe

Fukwe za kaskazini ni finyu, mlima unaanzia karibu mgongoni mwa nyumba. Bila kupangwa, ndugu, majeruhi, madumu ya petroli na watazamaji wote watakuwa kwenye mita hamsini zilezile. Tumia kamba za nyavu kuzungushia sehemu nne: pa kushushia waliookolewa, karibu na kivuli; pa boti zinazosubiri kutumwa, pamoja na mafuta, upande ambao upepo unapeleka mvuke mbali na watu na mbali na majiko; pa ndugu, shuleni au kanisani au msikitini, wasikoona maiti zikishushwa; na pa kuhifadhi marehemu, penye kuta na mlinzi. Njia ya kutoka majini hadi kwa majeruhi ibaki wazi upana wa machela mbili. Mgambo wawili wanatosha kuilinda wakianza mapema. Umati ukishajaa, hata kumi hawatoshi.

Boti, mafuta na watu wa kuendesha

Hakuna boti inayoondoka kabla ya kuandikwa. Andika namba ya chombo, nahodha, watu waliomo, injini, mafuta, taa, maboya, namba ya simu, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Andika kila boti kwenye kipande cha manila na ukibandike ubaoni sehemu ya "inasubiri", "iko majini" au "imeharibika". Ukitazama ubao unaijua hali yote bila kumuuliza mtu. Boti ikipitisha saa yake ya kurudi kwa dakika ishirini, inaitwa. Isipojibu, nayo ni tukio.

Watu watatu kwa boti: nahodha, mwenye nguvu za kuvuta mtu kutoka majini, na mwangalizi anayekaa mbele na kuongea na redio. Ukijaza vijana sita wenye ari, waliookolewa watakaa wapi? Wote wavae maboya. Wasio na boya wabaki nchi kavu, kuna kazi tele.

Mafuta ndiyo yanayosimamisha operesheni kuliko kitu kingine chochote. Injini ya nguvu farasi 40 ya kuchanganya oili, ikikimbizwa, ipangie lita 15 kwa saa. Boti sita kwa saa nne ni lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20. Oili kwa uwiano wa moja kwa hamsini ni lita saba na kidogo. Yaandike madumu kwa kalamu nene: YAMECHANGANYWA au BADO. Petroli tupu ikiingia kwenye injini ya mchanganyiko inaiua, na ukipoteza injini katikati ya ziwa umeongeza watu wa kuokoa. Injini za stroki nne hazitaki mchanganyiko, kwa hiyo muulize nahodha kabla ya kumimina.

Idadi ya boti utakazopata inategemea siku. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako majini, wana taa kali, na wanaweza kugeuzwa waokoaji kwa wito mmoja. Siku za mbalamwezi vyombo vimepumzika, injini zimefunguliwa zipo majumbani. Ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei 2024, wauza mafuta wa mialoni wanapungua pia. BMU iwe na orodha ya injini tano zilizo tayari kwa kila hali ya hizi tatu.

Uhamishaji wa wakimbizi wa 2015 unatoa funzo jingine la vyombo. Wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga mwaka ule, MV Liemba ililazimika kusimama mbali na ufukwe na watu kupelekwa kwake kwa boti ndogo. Meli kubwa ilikuwepo. Safari za boti ndogo ndizo zilizoamua kasi ya kazi nzima. Unapoomba chombo, uliza kitasogea wapi na kitapakiwa na nini.

Kutafuta

Anzia mahali boti ilipoonekana mara ya mwisho, kisha fuata upepo unakoelekea. Dumu tupu na mtu havisafiri sawa: dumu linasukumwa na upepo haraka, mtu aliyezama hadi mabegani anafuata maji. Ukikuta madumu na maboya matupu, watu huenda wako nyuma yake, upande upepo unakotoka.

Boti ziende sambamba. Maji yakiwa yametulia, ziachane mita 200. Mawimbi yakianza kuvunjika meupe, 100 au pungufu, maana kichwa cha mtu hakionekani mbali kama unavyodhani. Usiku, zima injini kila baada ya dakika tano, kwa dakika moja nzima, usikilize. Maji ya Tanganyika juu ni ya uvuguvugu wa nyuzi 24 hadi 28, kwa hiyo mtu mwenye cha kushikilia anaweza kuishi saa nyingi. Usikate tamaa jua likizama.

Chombo kilichopinduka kikiwa bado kinaelea, usikivute wala kukigeuza kwanza. Gonga, nyamaza, sikiliza. Kwenye MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, mtu mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye kutoka kwenye hewa iliyonaswa ndani.

Kutafuta waliozama chini si kazi ya saa za kwanza. Ziwa hili linashuka ghafla hatua chache kutoka ufukweni, kina chake cha juu kabisa kinafika mita 1,470, na mzamiaji mwenye mtungi wa kawaida wa hewa hufanya kazi hadi mita 30 au 40. Wazamiaji wa kijiji wasishushwe kwa shinikizo la ndugu.

Daftari la watu

Tungeombwa tuchague kifaa kimoja tu, tungechagua daftari hili. Bila hilo hujui uendelee kutafuta au usimame.

Liwe moja tu, mikononi mwa mtu mmoja asiyefanya kazi nyingine. Mwalimu anafaa sana. Kila anayeshushwa anapewa namba, inaandikwa kwa kalamu kwenye plasta na kubandikwa kifundoni mwa mkono. Mbele ya namba: jina, jinsia, umri wa kukadiria, kijiji, ameletwa na boti ipi, saa ngapi, alikuwa na nani, amepelekwa wapi. Asiyeweza kusema aandikwe alama na nguo zake.

Hesabu ya waliopanda haitakuja safi. Orodha ya Kibirizi, ikiwepo, huenda haina watoto waliobebwa mgongoni wala waliopandia njiani. Chukua orodha hiyo, ongeza majina kutoka kwa manusura ("ulikaa karibu na nani?"), ongeza ya ndugu wanaokuja kuuliza, kisha futa yaliyojirudia. Mtu mmoja anaweza kuandikwa mara tatu: kwa jina la ubatizo, kwa jina la utani na kama Mama fulani. Kijiji na umri ndivyo vitakavyokusaidia kuwatambua.

Tarakimu zinazotangazwa ni nne: wanaosemekana kupanda, walio hai, waliofariki, wasiojulikana walipo. Ya kwanza itabadilika; sema hivyo tangu mwanzo.

Tundu kubwa la daftari ni manusura anayeondoka. Ameogelea, amefika mwalo mwingine, amepewa khanga na chai, amepanda bodaboda kwenda kwa shemeji. Boti nne zitamtafuta usiku kucha. Tuma mtu mwenye simu kwenye kila mwalo wa jirani, kaskazini na kusini, kazi yake ikiwa hiyo tu. Waombe watangazaji wa redio za Kigoma na vipaza sauti vya misikiti waseme: aliyekuwa ndani ya boti na amefika salama, aripoti kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji alipo.

Redio na simu

Redio ya mkononi ya VHF yenye wati 5, kati ya boti mbili, hutegemea kuonana. Kwa watu waliokaa mita moja na nusu juu ya maji, mwisho wa nadharia ni kilomita kama 10, na kwa vitendo ni pungufu. Milima ya ukingo wa bonde ni tatizo na dawa pia. Boti iliyojibanza chini ya genge hupotea hewani. Lakini mtu mmoja mwenye redio akipanda mita mia tatu, nne juu ya ziwa anasikia eneo kubwa mno. Mpandishe mapema, apewe betri mbili, maji, koti na daftari. Kazi yake ni kurudia ujumbe neno kwa neno, bila kuongeza maoni.

Tumia chaneli mbili zikiwezekana: moja ya boti na operesheni, nyingine ya vifaa na majeruhi. Chaneli 16 ya majini (megahezi 156.8) ni ya wito na dharura, ukishampata mtu mhamieni nyingine. Achana na tarakimu za siri za idara. Mvuvi hazijui, na hata kati ya polisi na Zimamoto hazifanani.

Mazungumzo yawe hivi:

"Kituo, Kituo, hapa Boti Tatu."
"Boti Tatu, hapa Kituo, endelea."
"Nimepata watu wanne, wote hai, mmoja hapumui vizuri. Nipo magharibi mwa mto, kilomita mbili kutoka nchi kavu. Narudi, dakika kumi na tano."
"Nimekupata: wanne hai, mmoja hapumui vizuri, dakika kumi na tano. Muuguzi atakupokea."

Kurudia ulichosikia ndiyo kinga. "Wanne" na "wanane" kwenye upepo ni neno moja. Majina ya marehemu hayatajwi redioni kamwe.

Majeruhi

Muuguzi mmoja apange kwa haraka, nusu dakika kwa mtu: anayetembea akae kando; anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au asiyefuata maelekezo, ni wa kwanza kuondoka. Aliyezama na hapumui, na mikono ya kusaidia ipo, apewe pumzi tano kwanza, ndipo kifua kikandamizwe. Usimkandamize tumbo kutoa maji; atatapika na kuvuta matapishi mapafuni. Anayekohoa povu baada ya kuokolewa asiruhusiwe kwenda nyumbani hata akisema yuko sawa, kwani hali inaweza kubadilika ndani ya saa nane.

Maweni waambiwe idadi kabla boti ya majeruhi haijaondoka: wangapi wa haraka, wangapi wa kulala, wanashukia wapi. Gari liwe limeshafika Kibirizi. Kupeleka wote kwa mkupuo mmoja ni kuhamisha msongamano kutoka ufukweni hadi mapokezi.

Msemaji, zamu na kufunga

Msemaji mmoja, kwa saa zilizotangazwa, hata kama hakuna jipya. Ndugu waambiwe dakika kumi kabla ya waandishi.

Boti zibadilishwe watu kila baada ya saa nne, meza ya uongozi kila baada ya saa kumi na mbili. Uamuzi wa kusimamisha utafutaji wafanye viongozi wa idara zote pamoja na kamati, kwa maandishi: eneo gani limepitiwa, mara ngapi, hesabu imebaki wangapi. Ndugu wasikie kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yao.

Kabla ya kufunga, lipa mafuta. Kila nahodha asaini lita alizotumia kutoka kwake na alizopewa, na orodha iende kwa mkurugenzi wa halmashauri wiki hiyohiyo ikiwa na saini ya kiongozi wa tukio. Mvuvi aliyechoma madumu mawili ya kwake na kuzungushwa ofisini miezi minne ataisikia king'ora ya ajali ijayo, na injini yake itakuwa "mbovu".

Ndani ya siku tatu wakutane waliokuwa kazini, wakiwa na daftari la matukio mezani, wapitie saa kwa saa. Redio zirudishwe zikiwa zimechajiwa, namba za ukutani zihakikiwe, na plasta na kalamu zinunuliwe upya.